Mtani Wetu wa London

Enzi za Mwingereza nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya barabara pale Tabora, na nasema mapema kwamba nilikuwa mchora ramani mzuri. Watakaosema najisifu, waseme. Mistari yangu ilinyooka, herufi zangu zilisimama wima, na nikichora mshale ulikuwa mshale, si kidole cha mtoto. Nalitaja hili kwa sababu mishale yangu ilitukanwa na mtu wa London, na mpaka leo sijapoa.

Habari hii inatuhusu watu watatu wa ofisi ile. Wa kwanza alikuwa injinia, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu na Kiswahili alichojifunza kitabuni, mtu wa haki lakini mwepesi wa kuvunjika moyo. Wa pili alikuwa karani mkuu, Mzaramo wa pwani, mfupi, nadhifu, soksi zimevutwa mpaka magotini. Mwandiko wake ulijulikana mji mzima. Watu walimletea barua za posa awaandikie, kwa sababu baba wa binti akiuona mwandiko ule alidhani bintiye anaposwa na jumbe. Wa tatu ndiye mimi, Mnyamwezi, mzaliwa wa mtaa wa Kanyenye.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Jambo hilo lilianza zamani za misafara, pembe za ndovu zilipokuwa zikitoka bara kwenda pwani mabegani mwa babu zetu. Babu zao waliwapokea kule chini, wakagombana, wakauguzana, wakazikana, na mwisho wakakubaliana kutukanana bila kukasirika mpaka kiama. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akabeba kuku, nawe ukamtazama tu anavyokwenda naye. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa.

Karani mkuu aliniita mpagazi kila asubuhi. Baba yangu alikuwa mpagazi kweli. Alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama, na hakurudi. Haikuja barua, halikuonyeshwa kaburi, na jina lake halikuandikwa mahali popote ambapo mama angenyoosha kidole akasema ni hapa. Mtu mwingine angeniita mpagazi ningemvunja meno. Mtani aliniita hivyo, nami nikamwita mla nazi, na kazi ikaanza vizuri.

Injinia alipohamia kwetu hakuyajua haya. Siku moja alimsikia karani mkuu akiniuliza, "Wewe mbeba pembe, leo umeoga, au unangoja mto uhamie Kanyenye?" Nami nikamjibu kwamba sisi wa bara tunaoga kwa maji, si kama wao wanaojipaka tui wakadhani wametakata. Injinia akatuita ofisini kwake, uso umemwiva, akatuambia tupeane mikono, kwa maana serikali haitaki ugomvi wa makabila.

Karani mkuu akasema, "Bwana, huyu ni mtani wangu."

Injinia akaandika neno hilo kwenye karatasi, akalipigia mstari, akatuachia twende. Baadaye nilitambua kwamba alidhani ni cheo. Kwa miezi kadhaa, kila akitaka kunituma, alimwambia karani mkuu, "Mwambie Mtani alete ramani ya Nzega."

Sasa tuje kwenye makala iliyoniletea matusi ya London. Barabara ya kwenda Nzega hupita mahali penye udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe, na masika hugeuka uji. Malori ya pamba yalinasa humo, yakakaa mpaka madereva wakawa na wakwe vijijini. Injinia wetu alipata wazo la kuchimba vichuguu, kuusaga ule udongo mgumu wa mchwa, kuutandika juu ya mbuga na kuushindilia kwa maji. Akajenga kipande cha kujaribia, kikapita masika ya kwanza bila kuzama. Alifurahi mno. Akasema jambo hili lazima ulimwengu ulijue, na ulimwengu wenyewe ulikuwa jarida moja la mainjinia kule London.

Jarida lile lilikuwa na masharti kuliko harusi ya pwani. Makala ipigwe chapa upande mmoja wa karatasi, na katikati ya mistari pawe na nafasi ya kupita baiskeli. Nakala ziwe kadhaa. Jina la mwandishi likae karatasi ya mbele peke yake, ili anayeisoma na kuihukumu asijue anamhukumu nani. Michoro iwe kwa wino mweusi mtupu, na herufi ziwe kubwa kupita kiasi, kwa sababu kiwandani kwa wachapaji michoro hupunguzwa. Lakini sharti lililomtesa injinia kuliko yote ni kwamba haikuruhusiwa kusema "mimi". Mtu amekaa juani miezi, amepigwa na homa, amegombana na kila mwenye toroli, kisha aandike kwamba barabara "ilijengwa", kana kwamba ilijijenga yenyewe usiku sisi tumelala.

Karani mkuu ndiye aliyepiga chapa. Alipiga kwa heshima, kidole kimoja kimoja, huku akitoa maoni. Kila aliposoma neno mbuga aliniuliza kwa nini babu zangu walipitisha njia kwenye tope wakati nchi kavu ilikuwapo pande zote mbili. Ni kweli, barabara yetu ilifuata njia ya zamani ya misafara.

"Walikuwa wameinama kwa mizigo," alijijibu mwenyewe. "Hawakuona mbele. Aliyetangulia alipotea, wote wakamfuata, na Mwingereza naye akaja akawafuata."

Mashine ya chapa haikuwa na zile alama za hesabu za Kiyunani, kwa hiyo nafasi ziliachwa wazi, nami nikazijaza kwa mkono, nakala zote. Tulipomaliza tulizifungia kabatini Ijumaa, na tulipofungua Jumatatu tukakuta mchwa wamekula rundo lote kasoro kurasa za juu. Injinia alikaa chini akashika kichwa. Karani mkuu akamwambia asihuzunike. Tulibomoa nyumba zao tukajengea barabara, wao wamebomoa makala yetu wakajengea nyumba, na sasa hakuna anayemdai mwenzake. Kisha akaweka karatasi mpya kwenye mashine akaanza upya.

Siku tuliyofungasha, injinia aliitandaza michoro yangu mezani, akaitazama kwa muda.

"Andika jina lako," akaniambia. "Pale kwenye kona ya chini, kila mchoro. Jina kamili."

Nilichukua kalamu ya wino, nikaandika jina langu, kisha bin, kisha jina la baba. Nilikuwa nimeandika majina ya mito, vijiji na kalavati kwa miaka mingi, lakini jina la baba lilikuwa halijapata kupita kwenye kalamu yangu ya kazi. Karani mkuu alinichungulia begani, safari hii bila utani. Alikwenda akatafuta kamba ya kufungia kifurushi.

Jioni nilimwambia mama. Nilimwambia kwa upole, kwamba huenda jina la baba likachapishwa London, huenda, wakikubali. Mama alisikia yote isipokuwa neno huenda. Alikuwa akiuza vitumbua pale Kanyenye, na kitumbua cha kwanza kilipoondoka kwenye chuma kesho yake, habari iliondoka nacho. Nilipopita dukani kwa Mwarabu nikaulizwa kama malkia ameshakisoma kitabu changu. Shangazi alitoka kijijini Choma na jogoo kwa ajili ya shughuli. Nikauliza shughuli gani, jogoo akafungwa mguu uani akawa anasubiri pamoja nasi.

Barua ya London ilikuja mvua za kwanza zikianza. Injinia aliisoma akiwa amesimama barazani, kisha akaisoma ameketi, kisha akaiweka mezani na kuingia ndani akafunga mlango. Karani mkuu akaichukua, maana barua zote zilikuwa za kufailiwa na yeye, akanisomea kwa sauti ya chini.

Mhariri hakuwa na neno baya. Alisema tu kwamba makala imepelekwa kwa mjuzi, ambaye desturi ya jarida hairuhusu kumtaja jina, na kwamba maoni ya mjuzi huyo ameyaambatanisha. Maoni yenyewe sasa! Alisema mwandishi anaeleza barabara kama mtu anayesimulia ndoto ya mwenzake. Alisema haoni kwa nini njia ipite katikati ya tope wakati nchi kavu iko kulia na kushoto, ila kama mwandishi analipenda tope. Alisema ikiwa huko Tanganyika mchwa ndio mainjinia, basi mchwa ndio waandike makala. Na michoro, alisema, imejaa mishale mingi kana kwamba maji hayajui kuteremka mpaka yaelekezwe. Mwisho wa matusi yote hayo alitaka apewe jedwali la mvua na hali ya kipande kile katika masika yaliyopita, ndipo atafikiri tena.

Niliposikia ya mishale niliona giza. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, na nilitaka kujua nauli ya meli ya London ni kiasi gani.

Karani mkuu hakukasirika hata kidogo. Alikuwa anatabasamu. Alirudia kusoma barua, akaigusa gusa kwa kidole kama mtu aliyepata picha ya ndugu yake, kisha akagonga mlango wa injinia akaingia bila kuitwa. Nikamfuata. Injinia alikuwa ameshika nakala ya makala na kiberiti.

"Bwana," karani mkuu akasema, "usichome. Huyu ni mtani."

"Huyu ni profesa," injinia akasema, "na nadhani namjua ni nani."

"Hata maprofesa wana watani, Bwana. Tazama mwenyewe. Anakutukana, lakini hana hasira. Hasemi jina lake, maana mtani hajitambulishi, anakuja tu. Na mwisho wa matusi anataka kitu. Adui hataki kitu kwako. Anayekutukana kisha akataka kitu, huyo ni mtani wako, na ni mtani mkubwa."

Hapo ndipo injinia alipofahamu kwamba mtani si cheo. Alinitazama, akakumbuka mara ngapi ameniita hivyo, na ile shingo ikazidi wekundu. Karani mkuu akamketisha, akamweleza kuanzia mwanzo, pembe, pwani, kuku na yote. Akamweleza na mambo ya mazishi: kwamba mtu akifa, mtani wake huja makaburini, huruka ndani ya kaburi lililo wazi, hujilaza chali mikono kifuani, na kusema hatoki mpaka apewe chake. Wafiwa wamesimama na maiti yao, na hakuna awezaye kumtoa kwa nguvu. Humbembeleza, humpa kuku au shilingi, naye hutoka anatukana, na watu waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka.

"Basi huyu wa London amejilaza kaburini," karani mkuu akamalizia. "Makala yako iko nje inangoja kuzikwa vizuri. Mpe jedwali lake atoke."

Injinia aliweka kiberiti mezani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa karatasi ya kaboni, akatoka na masharubu meusi, nasi hatukumwambia.

Jumamosi mchana, ofisi imeshafungwa, tuliketi watatu tukaandika jibu la utani, kujifurahisha tu. Injinia alisema kwa Kiingereza, karani mkuu akapiga chapa, mimi nikaongeza kuni. Tulimwambia mjuzi kwamba tumemsamehe, kwa kuwa mtu ambaye hajapata kuona tope ila la kwenye viatu vya mtumishi wake hawezi kujua habari zake. Tulimwambia mchwa wamesoma maoni yake na wanasema wamekula karatasi bora kuliko hiyo. Kuhusu mishale, hiyo niliitunga mimi, tulimwambia imewekwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya maji, maana maji yana akili. Na jedwali la mvua atapewa, lakini atoke kwanza kaburini, anachafua nguo. Injinia aliitia sahihi kwa mbwembwe, kalamu ikakwaruza. Jumatatu alikuja na sura yake ya siku zote, akaandika jibu la adabu, lenye shukrani nyingi na unyenyekevu, akalitia sahihi hilo nalo, akamkabidhi karani mkuu aende nalo posta pamoja na jedwali.

Wiki ile ile injinia aliagiza faili ahakiki tarehe moja ya mvua. Akalikuta mle jibu la adabu, lenyewe hasa, na sahihi yake ya wino.

Alipauka. Alimwita karani mkuu, naye akaja na soksi zake, akasimama wima.

"Barua hii mbona iko hapa?"

"Niliirudisha, Bwana. Nilipeleka ile nyingine, pamoja na jedwali."

Hata mvua juu ya paa naona ilipunguza. Injinia alimuuliza, kwa sauti ndogo sana, kwa nini.

"Bwana," karani mkuu akasema, naye alikuwa amehuzunika kweli, "mtani akikutukana, nawe ukamjibu kwa adabu, umemwambia hakuna undugu kati yenu. Hilo ndilo tusi lisilosameheka. Umeniajiri nilinde heshima ya ofisi. Nisingeweza kukuacha umtukane mtu mkubwa namna ile."

Ndege ya barua ilikwisha kuruka. Injinia hakumfukuza, nadhani kwa sababu hakujua ataandika kosa gani. Alichukua kofia akaenda mbugani kwenye kipande chake cha barabara, na masika yote yale alikuwa akienda huko kila apatapo nafasi, akasimama mvuani kutazama malori ya pamba yakipita. Malori yalipita. Barabara ilishika vizuri kuliko sisi.

Mimi nilikuwa na kazi ya kurudi nyumbani kila jioni. Mama aliniuliza, "Wamechapa?" Nikasema bado. Sikuthubutu kumwambia kwamba jina la mumewe liko mikononi mwa Mzungu tuliyemwambia anachafua nguo. Niliacha kulala vizuri. Mchana nilimtazama karani mkuu akichonga penseli zake kwa utulivu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu utani ulinishinda, nikamwambia nikiwa na hasira ya kweli kwamba ameniharibia jina la baba yangu. Aliacha kuchonga. Hakunijibu kwa tusi, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Jibu lilikuja mvua zinakatika. Injinia aliifungua bahasha mbele yetu, nadhani alitaka kama ni kuanguka tuanguke pamoja. Mhariri aliandika kifupi kwamba makala imekubaliwa. Alisema pia kwamba mjuzi ameomba maneno yake yafike kama yalivyo, ingawa yeye mhariri anasikitika. Mjuzi alisema tangu kaka yake afariki hakuna mtu aliyemtukana inavyostahili, na alikuwa ameanza kudhani Waingereza wamesahau. Jedwali linatosha. Barabara bado ni ya kipuuzi lakini haizami. Mishale ibaki, yeye ataifuata taratibu, na maji yatangulie.

Injinia aliisoma mara mbili. Karani mkuu akavuta soksi zake juu, akasema, "Ametoka," akarudi kwenye meza yake.

Nami nilikimbia. Mchora ramani wa serikali, mwenye kaptula iliyopigwa pasi, nilikimbia kutoka ofisini mpaka Kanyenye, na jogoo wa shangazi akaliwa siku ile ile.

Ningependa habari iishie hapo. Jarida lilipochapishwa, injinia aliletewa nakala chache za makala yake peke yake, zimeshonwa kijitabu chembamba chenye jalada la kijivu. Alinipa moja kwa mikono miwili. Nikafungua kurasa mpaka kwenye michoro yangu. Mistari ilikuwapo. Mishale ilikuwapo yote, midogo, mizuri. Jina halikuwapo. Fundi wa kiwandani alikuwa amekata kila mchoro kwa kufuata mstari wa pembeni, na jina langu nililiandika chini ya mstari huo, kwenye kona, kama tunavyoandika wachora ramani wote duniani. Amelikata akalitupa. Injinia alipoona aliomba radhi, na aliiomba kwa Kiingereza, jambo alilofanya tu alipokuwa amesikitika sana. Mle ndani alikuwa ameshukuru "wafanyakazi wa ofisi". Mama asingeweza kunyoosha kidole kwenye wafanyakazi wa ofisi.

Karani mkuu alinipokonya kijitabu mkononi. Akakitazama, akacheka kwa sauti kubwa, kama impasavyo mtani.

"Hata Ulaya wamejua," akasema. "Mpagazi hubeba mzigo, haandikwi juu yake."

Nilikuwa na rula ya chuma mkononi na nadhani ningemchapa nayo. Lakini alikuwa ameshaketi, amechovya kalamu. Chini ya mchoro wa kwanza, kwa mwandiko ule uliowalainisha baba wa mabinti, aliandika polepole: Imechorwa na, na jina langu, bin, na jina la baba. Akapuliza wino. Kisha akaongeza chini yake: Mpagazi, mwana wa mpagazi. Akakausha, akafunga kijitabu, akakitia kwapani.

"Nipe," nikasema.

"Maandishi ni yangu. Nimekamata."

Mtani akishasema amekamata, basi. Sikukipata siku ile. Siku ya Idi alikuja nyumbani na kanzu nyeupe na kijitabu kwapani, akaketi mkekani, akamsomea mama. Alianza na kichwa cha makala kwa Kiingereza, mama akitikisa kichwa kana kwamba anakubaliana na hesabu, akashuka mpaka chini ya mchoro wa kwanza. Akamshika mama kidole akakiweka juu ya jina la baba. Mama akakiacha pale. Kisha karani mkuu akasoma na mstari wa mwisho, mpagazi, mwana wa mpagazi, mama akacheka mpaka akaziba mdomo kwa khanga, akamjazia sahani. Yule bwana alikula, akauliza kama pilau limepikwa au limebebwa kichwani kutoka Nzega, akaondoka na kijitabu. Akafanya hivyo kila Idi. Nilimwomba, nilimbembeleza, safari moja nilijaribu kukiiba. Alisema akikiacha kwetu atapata wapi pilau.

Kila mwaka pia alisema mwakani anarudi kwao pwani. Hakurudi. Aliugua tumbo masika moja, na kabla Mwingereza hajashusha bendera yake, tukamzika Tabora, kwenye udongo wetu, mbali na nazi zake.

Makaburini nilikwenda nikijua wajibu wangu. Mdogo wake alikuwa amekuja na treni kutoka pwani, na watu walikuwa wengi, hata injinia alikuwapo nyuma amevua kofia. Kaburi likiwa wazi, nikavua viatu, nikaruka ndani, nikajilaza chali.

"Sitoki," nikasema. "Mzaramo huyu ana kitu changu. Nipeni kijitabu changu, au mrudi naye Kisarawe mkamzike kwenye mnazi."

Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Nikamwona mdogo wa marehemu akichungulia juu yangu, na mkononi amekishika kile kijitabu cha kijivu.

"Marehemu alisema utakuja," akaniambia. "Alisema utalala humo na utataka hiki. Akasema usipewe mpaka useme neno moja zuri juu yake, mbele za watu."

Nikakaa kitako. Neno zuri, na mtani! Tangu nimjue sikuwa nimemwambia hata moja, wala yeye hakuniambia mimi. Nilifungua mdomo, likaja tusi. Nikalimeza, likaja jingine. Juu watu walikuwa wanangoja, jua linachoma, jeneza limewekwa kando. Nilitafuta neno ambalo lisingevunja utani wetu.

"Alikuwa na mwandiko mzuri," nikasema.

Mdogo wake akaninyooshea mkono, nikatoka, akanipa kijitabu changu. Nikakitia kwapani, nikarudi kaburini pamoja na wengine kumpokea, mimi upande wa miguu.

Idi iliyofuata nilimsomea mama mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamepungua. Nilisoma kichwa cha makala, nikamshika kidole, nikakiweka juu ya jina la baba, nikafunga kijitabu.

"Umeruka," mama akasema. "Mwenzako alikuwa anasoma yote."

Nikafungua tena, nikamsomea yote.